Mwongozo Kwenye Kiti cha Mgonjwa

Mke wa mkuu wangu wa zamani alinipigia simu nikiwa katikati ya kliniki ya wajawazito. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na sasa amebaki na hasira tu. "Mayu," aliniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "njoo umwone mtu wenu. Kakataa sindano. Kidonda cha mguuni kinanuka, sukari haishuki, daktari wa hospitali kasema tukiendelea hivi mguu utakatwa. Na yeye kakaa kitandani anasema hachomwi kitu mpaka kwanza aupime mwongozo."

Aupime mwongozo! Nilicheka peke yangu, kisha nikatamani kuitupa ile simu ukutani. Maana ukiwa umewahi kufanya kazi chini ya mzee huyu unajua kabisa kwamba hatanii, na unajua pia kwamba mguu unaweza kuoza ukaisha huku yeye akiuliza nani aliandika ukurasa wa tisa.

Kwangu atabaki kuwa Mfawidhi, ingawa amestaafu zamani na kiti chake sasa nakikalia mimi. Ndivyo tulivyomwita sote pale kituoni, kwenye kituo chetu cha afya nje kidogo ya Bariadi, upande wa kuelekea Itilima. Yeye ndiye aliyekuwa mganga mkuu wa kituo, mwenye neno la mwisho. Na hilo neno la mwisho lilichelewa, jamani. Lilichelewa kuliko mvua za Mwanhuzi.

Kwa asiyejua mambo yetu, mwongozo wa matibabu ni kitabu kinachomwambia tabibu: mgonjwa akija na hiki, mpe kile, asipopata nafuu mpeleke kule. Mwingine unatoka wizarani, mwingine kwenye mradi, mwingine kwa chama cha madaktari fulani, na sisi wa huku chini tunaufuata. Mimi nilipotoka chuoni niliipenda miongozo kama wenzangu walivyopenda kanga mpya. Nilitaka niambiwe la kufanya, nilifanye, benchi la wagonjwa lipungue, nirudi nyumbani Nyashimo mwisho wa mwezi nikiwa na akili timamu. Mfawidhi hakutaka kuambiwa. Alitaka kwanza kumjua huyo anayemwambia.

Basi mwongozo mpya ukifika, alikuwa akiuweka kwenye kiti cha mgonjwa. Sitoi mfano; nasema aliuweka kwenye kiti, kile cha mbao mbele ya meza yake, ukakaa pale mbele ya watumishi wote kwenye kikao cha asubuhi. Yeye akavaa miwani, akachukua kalamu ya risasi, akaanza kuuchukulia historia kama anavyofanya kwa mgonjwa. Na kwa kuwa kitabu hakina mdomo, mmoja wetu alilazimika kusimama pembeni yake na kujibu kwa niaba yake. Aliyeusifu ndiye aliyejibu. Kwa hiyo nilijibu mimi, karibu kila mara.

"Umri wako?" angeuliza, akiitazama karatasi, si mimi.

"Niliandikwa miaka mingi kidogo iliyopita, Mganga."

"Tangu hapo kuna aliyekuangalia tena?"

"Hakuna."

"Umezeeka na hujui. Waliokuzaa ni akina nani?"

"Mabingwa, Mganga."

"Mabingwa wa nini? Humo ndani yupo muuguzi hata mmoja? Yupo mgonjwa? Yupo mtu aliyewahi kuzalisha kwa tochi ya simu?"

"Hawakutajwa."

"Na unakula kwa nani?"

Hapo Nesi Kabula, aliyekuwa akisimamia wodi ya wazazi, alijiziba mdomo kwa kanga asicheke, nami nilihisi masikio yanawaka. Unakula kwa nani maana yake nani alilipia kazi ya kukuandika, na je, huyo aliyelipa anauza dawa unayoisifia? Kama jibu halikuandikwa popote, Mfawidhi aliguna kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia kizunguzungu. Nje wagonjwa wanakohoa, watoto wanalia, jua linapanda, na sisi watu wazima wenye vyeti tunaihoji karatasi.

"Mfawidhi, watu wako kwenye benchi!" nilimwambia siku moja, nimeshachoka.

"Nawaona. Ndio watakaoimeza hiyo dawa."

"Lakini wanangoja!"

"Na wewe endelea kujibu basi, tumalize."

Huyo ndiye mtu niliyefanya naye kazi. Kila kitabu alikisoma kuanzia nyuma. Sisi tulikimbilia ule ukurasa wenye jedwali la dozi, yeye alifungua kurasa za mwisho ambazo hakuna mtu duniani anayezisoma: majina ya wanakamati, tamko la nani ana masilahi na kampuni gani, namna walivyotafuta utafiti, nani alipitia kazi yao kabla haijachapwa. Kikija kitabu kilichotolewa kopi mjini, na mwenye mashine ameziruka kurasa hizo ili asipoteze wino, Mfawidhi alikirudisha. "Huyu kaja bila miguu," alisema. Sentensi hiyo tu, kisha anaita mgonjwa anayefuata, na wewe umesimama na kitabu chako mkononi hujui ukiweke wapi.

Kuhusu maneno makali kwenye miongozo alikuwa na usemi wake. Mwongozo ukisema kwa nguvu sana kwamba tabibu lazima afanye hivi, alienda kutafuta ushahidi uliosimama nyuma ya neno lazima. Akikuta ni maoni ya watu wachache waliokaa mezani, alisema, "Huyu anapiga kelele gulioni, mfukoni hana kitu." Lakini hakuukataa kwa hilo peke yake. Kuna mambo, alisema, hayajafanyiwa utafiti na hayatafanyiwa, na mtu mwenye uzoefu akikushauri unamsikiliza; ila akwambie wazi kwamba ni ushauri wake, asikudanganye kuwa ni ushahidi. Hili lilinikera zaidi ya yote, kwa sababu sikuweza kulipinga.

Siku moja alikuja kijana wa kampuni ya dawa kutoka Mwanza, amevaa viatu vinavyong'aa, na gari lake lina kiyoyozi. Alituletea pilau la kuku, kalamu, kofia, na bango kubwa la rangi lenye picha ya mtoto mnono akitabasamu. Bango lilieleza namna ya kumtibu mtoto mwenye kikohozi, mishale mizuri, maneno machache, mtu unaelewa hata ukiwa na usingizi. Nililibandika mwenyewe kwenye chumba cha matibabu ya nje. Nilifurahi, haki ya Mungu. Kwa mara ya kwanza ukuta wetu ulionekana kama wa hospitali.

Mfawidhi aliingia, akalisoma amesimama, akavuta kiti, akapanda na umri wake ule, akasoma maandishi madogo ya chini. Kisha akaling'oa. Mishale yote, alinionyesha, hata uanzie wapi, ilikwenda kuishia kwenye dawa moja ya maji, na jina la mwenye dawa hiyo ndilo lililoandikwa kule chini kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. "Mtoto mwenye mafua tu, ambaye mama yake angempa uji na kumfunika vizuri, naye anaishia hapa. Unaona?" Niliona. Nilitamani nisione, maana ukuta ulibaki na alama za gundi.

Sasa mwangalie mtu huyo huyo. Kofia ya kampuni ile aliichukua! Aliivaa shambani kwake Zagayu msimu baada ya msimu, akipalilia pamba na jina la dawa aliyoikataa likiwa limeandikwa kwenye paji la uso. Nilipomuuliza, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kofia inamtibu nani?" Na pilau alikula, tena aliomba ukoko.

Lakini kituko cha kofia si kitu mbele ya kile cha maziwa. Watu wa huku wanajua: msimu wa kupulizia pamba ukifika, wanaletwa wagonjwa waliovuta dawa ya wadudu, wanatoka jasho na mate, mboni za macho zimekuwa ndogo, wanatapika. Na karibu kila mmoja anafika akiwa amenyweshwa maziwa. Kila nyumba inaamini maziwa mabichi yanaua sumu. Tumehubiri mpaka sauti zimekauka: msimpe maziwa, mvueni nguo zenye dawa, mwogesheni, mleteni haraka. Wanaitikia vizuri kabisa, ndiyo daktari, wabeja, asante daktari, na msimu unaofuata wanakuja na sufuria ya maziwa.

Mwaka mmoja likaanza kuzunguka kwenye kundi letu la WhatsApp jambo lililoitwa mwongozo mpya wa sumu za shambani. Lilikuwa na nembo juu, na vipengele, na lugha ya ofisini, na kipengele kimojawapo kilisema mgonjwa apewe maziwa. Matabibu wawili vijana walishaanza kulisambaza. Mfawidhi aliliweka kwenye kiti kama kawaida yake, safari hii simu yangu ndiyo iliyokaa kitini. Nilijaribu kujibu, lakini hapakuwa na cha kujibu. Hakuna mwandishi, hakuna tarehe, hakuna ofisi iliyokubali kuwa ni yake, hakuna utafiti hata mmoja. Nembo ilikuwa imekatwa mahali pengine ikabandikwa. "Mtu kasikia maneno ya mtaani," alisema, "akayavalisha koti na tai." Aliandika kwa wilaya siku hiyo hiyo, na baada ya muda likakanushwa. Hapo nilijivunia kuwa chini yake, nakiri bila kulazimishwa.

Haukupita muda, nikaenda kwake Zagayu kuchukua mahindi. Mkewe akanipokea kwa kicheko. "Mwenzio jana kapulizia pamba bila kujifunika pua, karudi kichwa kinamgonga. Unajua kaniomba nini? Maziwa! Kanywa kibuyu kizima." Nilimgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mbegu, hakuinua hata macho.

"Mfawidhi! Wewe?"

"Jana sikuwa kazini," alisema.

"Sumu haijui kama uko kazini!"

"Mama yangu alinipa maziwa nikiwa mdogo. Nilipona."

"Mama yako alikuwa na kamati? Nani alipitia kazi yake? Alikula kwa nani?"

Alifikiri kwa uzito wote, kama ninavyomjua. "Alikula kwetu," alisema. "Ndiyo maana nilimwamini." Mkewe aliangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilichemka njia nzima mpaka Bariadi, gunia la mahindi likinigonga mgongoni kwenye bodaboda.

Msinielewe vibaya, mashaka yake yaliumiza watu pia, na hili waliomsifu siku ya kustaafu walilisahau. Ule mwaka wizara ilipobadilisha dawa ya nimonia kwa watoto, kitabu kilifika kwetu kikiwa kimetolewa kopi, kile cha bila miguu. Mfawidhi akakiweka kabatini mpaka aletewe kurasa zilizobaki. Dawa mpya zilikuwa zimekwisha kufika, ziko stoo, maboksi yamefungwa. Nilimsihi. Kabula alimsihi. "Tunangoja kurasa," ndilo lililokuwa jibu. Kisha akaja mama kutoka kijiji cha jirani na mtoto anayepumua kwa shida, akapewa dawa ya zamani, akarudi baadaye mtoto akiwa amelegea, kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimkimbiza hospitali. Alipona, Mungu ni mwema, lakini yule mama alilala sakafuni huko muda mrefu, na palizi ya shamba lake ikampita.

Nilimwendea Mfawidhi ofisini nikafunga mlango. Nilimwambia yote. Nilimwambia kutilia shaka karatasi ni kazi rahisi kwa mtu ambaye kifua chake kinapumua vizuri. Nilimwambia kuchelewa nako ni kutibu, tena ni kutibu vibaya. Nilimwambia kama mwongozo ungemchelewesha mgonjwa namna ile yeye mwenyewe angeukataa asubuhi na mapema. Nilikuwa nalia, na nilichukia kwamba nilikuwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Fungua stoo."

Basi. Hakuomba radhi, hakueleza kitu. Alitoka, akaenda mwenyewe kwa pikipiki mpaka mjini kutafuta zile kurasa, akarudi nazo, akazisoma usiku akazikuta nzuri, na kesho yake akawatangazia watumishi kwamba kuanzia sasa, mwongozo wa ugonjwa unaoua haraka utatumika huku unapimwa. Nikadhani amebadilika. Mwezi uliofuata alimrudisha mtu wa mradi na kitabu cha lishe kwa sababu mshauri mmoja alikuwa hajataja anafanya kazi wapi. Ungemfanya nini mtu kama huyo?

Kwa wagonjwa alikuwa mpole ajabu. Hakuwahi kumfokea mama aliyechelewa kuja, wala kumcheka mzee aliyepitia kwa mganga wa kienyeji kwanza. Ukali wote aliuweka kwa sisi na kwa vitabu. Mwongozo uliomridhisha aliuandikia kwa kalamu ya risasi kwenye jalada, "Huu unafaa," na chini yake mwaka wa kuuangalia tena. Sisi watumishi hakuwahi kutuandikia hivyo wala kututamkia.

Ndiyo hivyo, baada ya ile simu nilimwachia mwenzangu kliniki, nikachukua kitabu cha kisukari kabatini, nikatafuta bodaboda. Njiani nilikisoma kwa ajili ya ugomvi. Nilikisoma kuanzia nyuma. Upepo unapeperusha kurasa, dereva ananiuliza mama vipi, mtihani? Nikamwambia ndiyo, mtihani, ongeza mwendo.

Nilimkuta amelala chumba cha mbele, mguu umeegeshwa juu ya mto, umefungwa bandeji iliyolowa. Amekonda. Harufu ilinipokea kabla yake. Mkewe alinionyesha mtungi wa maji kwenye kona, na insulini ndani yake kwenye mfuko, mahali penye ubaridi, kama walivyofundishwa hospitali. Haijaguswa.

"Mwadila, Mfawidhi," nikamsalimia.

"Mwadila, mayu. Umekuja nacho?"

Hata habari za njiani hakuniuliza! Niliburuta kiti, nikakiweka kitabu mapajani. "Niulize," nikamwambia. "Uliza yote, halafu uchomwe, mimi nina wajawazito wananingoja."

Akauliza. Sauti ilikuwa imepungua lakini maswali yalikuwa yale yale, nami nilijibu nikiwa nimekaza meno. Kitabu kimepitiwa upya hivi karibuni. Kamati ina mabingwa, ina wauguzi, ina mtu anayeishi na kisukari. Masilahi yametajwa, na mjumbe mmoja mwenye uhusiano na kampuni alitolewa nje wakati wa kupigia kura dawa. Tafiti zimeorodheshwa na nguvu ya kila moja. Nikamwambia na ubovu wake pia, kabla hajauliza: watu wengi waliofanyiwa tafiti hizo ni wa nchi za mbali, wanaokula vingine, na sehemu ya kutunza dawa bila friji imeandikwa kwa aya mbili tu. Lakini kwamba mtu ambaye vidonge vimemshinda, sukari iko juu na ana kidonda kinachoharibika, apewe insulini, hapo ushahidi haukuyumba.

"Ni mzuri," alisema mwishoni. "Huo ni mwongozo mzuri."

"Haya. Inua shati."

Hakuinua. Mkono ulibaki pale pale juu ya shuka.

"Mfawidhi, sasa ni nini tena?" Nilipandisha sauti, sikujali. "Nimejibu kila kitu! Umeupima, umesema mzuri. Unataka nini kingine, kamati ije hapa Zagayu ikupigie magoti?"

"Usinifokee, mayu."

"Nitakufokea! Mguu wako unaoza!"

Aligeuza kichwa akatazama ukuta. "Nilikuwa nangoja uniambie ni mbovu," alisema. "Ukiwa mbovu naukataa, nalala zangu, nasema hawa hawajui kitu. Nimeusikiliza wote nikitafuta pa kuushika. Sasa ni mzuri. Maana yake mimi naumwa kweli."

Hasira ziliniishia zote mara moja. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiogopa. Nilitaka kumwambia neno la kumtuliza, kwamba si vibaya kiasi hicho, kwamba atacheza ngoma. Nikaona kwamba huyu mtu hajawahi kunidanganya hata siku moja.

"Ndiyo," nikasema. "Unaumwa kweli. Mguu tunaweza kuuokoa, tunaweza tusiuokoe. Sijui."

Alitikisa kichwa polepole, kama anavyomwitikia mgonjwa aliyeeleza vizuri. Kisha akajiinua kwa kiwiko, akamwita mkewe aliyekuwa jikoni kwa sauti ya kiofisi ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipostaafu:

"Mama! Pakua chakula. Dawa hii haichomwi mtu akiwa na njaa."

Jikoni kitu kilianguka. Nikaenda kunawa mikono.